Soneti, Mizani na Tamathali za Semi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) wa Mbeya, Iringa na Njombe, kwa walimu wao, na kwa watunzi wa rika zote ambao hawana mchepuo wowote ila wanaupenda ushairi. Mengi yana chanzo kimoja: asubuhi mtu amefundishwa mizani katika kipindi cha Kiswahili, mchana kafundishwa mita katika kipindi cha Kiingereza, jioni vyote viwili vimekuwa uji. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Soneti ni nini hasa?

Ni shairi la mishororo 14 lenye mpango maalumu wa vina na, jambo ambalo wengi hulisahau, lenye mgeuko wa fikra ndani yake (swali la 8). Lilianzia Sisilia, kusini mwa Italia, katika karne ya 13. Giacomo da Lentini, mtumishi katika baraza la mfalme Frederick II, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Karne moja baadaye Petrarch (1304–1374) akalipa umaarufu kwa mashairi yake ya mapenzi kwa mwanamke aliyeitwa Laura. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 kupitia Thomas Wyatt na Henry Howard, Earl wa Surrey, na soneti 154 za Shakespeare zikachapishwa mwaka 1609.

Kwa hiyo si mali ya Waingereza. Wao nao ni wapokeaji kama sisi, na ilibidi waipunguze na kuirekebisha ili iwaenee.

2. Ubeti, mshororo, kipande, ukwapi, utao: nani ni nani?

Tuuangalie ubeti mmoja wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti:

*Baridi imeingia, yashuka toka Loleza,*
*Makaa nimeyatia, moto nimeukoleza,*
*Mwanangu njoo sikia, sogea nakueleza,*
*Jikoni twasimulia, usiku ukiteleza.*

Mistari hiyo minne ndiyo mishororo, na yote kwa pamoja ni ubeti. Koma iliyo katikati inagawa kila mshororo vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Mshororo wa kwanza huitwa mwanzo, wa pili mloto. Wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti ni kibwagizo. Usiporudiwa ni kimalizio tu. Kina cha kati hapa ni *-a*, kina cha mwisho ni *-za*. Kila kipande kina mizani 8, hivyo mshororo mzima una 16.

3. Mizani huhesabiwaje? Kila mara mimi na mwalimu wangu tunapishana kwa moja.

Mizani ni silabi za mshororo, na kwa kawaida kila irabu ni mizani moja. *Baridi* ni tatu (ba-ri-di), *makaa* ni tatu (ma-ka-a), *juu* ni mbili. Irabu mbili zikifuatana usizibane kuwa moja, hata kama ulimi wako huzibana ukiongea haraka.

Kupishana huanzia kwenye m na n. Katika *mlima* m inasimama peke yake: m-li-ma, tatu. Katika *Mbeya* m imeungana na b: Mbe-ya, mbili. *Njombe* ni mbili, *Mwanjelwa* tatu, *Makambako* nne. *Nchi* ni mbili kwa kuwa n yake hujisimamia, na *nne* vilevile.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizokutana, kama *daktari* na *labda*, yana ugomvi wa muda mrefu. Shuleni hufundishwa kuwa ni silabi funge: dak-ta-ri, lab-da. Wako watunzi wanaoihesabu ile konsonanti ya katikati kama mizani kamili. Shika upande mmoja usiuache hadi mwisho wa shairi. Anayehesabu *daktari* kuwa tatu ubeti wa kwanza na nne ubeti wa pili hana utetezi.

## Mizani na mita

4. Mizani na mita ni kitu kimoja?

Hapana, na swali hili ndilo lililozaa ukurasa mzima.

Mizani ni hesabu ya silabi. Mita ya Kiingereza ni mpangilio wa mkazo: silabi ipi itamkwe kwa nguvu na ipi kwa ulegevu. Mita inayotumika sana katika soneti za Kiingereza ni aiambiki pentamita. Aiambi ni jozi ya silabi mbili, ya kwanza dhaifu na ya pili yenye nguvu: ti-TA. Penta ni tano. Mshororo mzima basi unakwenda ti-TA ti-TA ti-TA ti-TA ti-TA, silabi kumi, mikazo mitano.

Ukitaka kuona jinsi mifumo hii miwili inavyotofautiana, angalia kosa linavyohukumiwa. Mtunzi wa Kiingereza anaweza kuongeza silabi ya kumi na moja isiyo na mkazo mwishoni mwa mshororo, na hakuna atakayemkaripia, kwa sababu mikazo bado ni mitano. Shakespeare alifanya hivyo mara nyingi. Jaribu hilo kwenye tarbia: mshororo mmoja ukiwa na mizani 17 wenzake wakiwa na 16, shairi lako litaitwa guni na msomaji ataligundua hata kabla hajahesabu, maana litakwama mdomoni likiimbwa. Kwa upande wa pili, tarbia haijali mkazo umeangukia wapi ndani ya kipande, ilimradi nane zitimie.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesema soneti ya Kiingereza ina "mizani kumi" hajakosea hesabu, ila ametaja kisichoitawala. Sema ina mikazo mitano.

5. Kwa nini mshororo wangu wa Kiswahili haukubali kwenda ti-TA ti-TA?

Kwa sababu mkazo wa Kiswahili hauchagui. Takriban kila neno hubebwa na silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RI-di, mi-GO-mba, Tu-KU-yu. Ukiongeza kiambishi, mkazo unahama: NYU-mba inakuwa nyu-MBA-ni. Mshororo wa aiambi unataka kuishia kwenye TA, lakini neno la Kiswahili lenye silabi mbili au zaidi huishia na silabi dhaifu. Unaweza kulazimisha kwa kuweka *tu* au neno jingine la silabi moja mwishoni mwa kila mshororo. Utachoka wewe, na msomaji atachoka kabla yako.

Hapa ndipo ninaposhauri watu waiache London waende moja kwa moja Italia. Kiitaliano nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno yake mengi. Mshororo wa soneti wa Petrarch una silabi 11, na mkazo wa lazima uko kwenye ya kumi. Andika mshororo wa Kiswahili wenye mizani 11 ukimalizia kwa neno la kawaida, mkazo utaanguka kwenye ya kumi wenyewe, bila kusukumwa. Wafaransa nao hutumia silabi 12 zilizokatwa katikati, sita kwa sita, na mtu yeyote aliyekulia kwenye ukwapi na utao atajiona yuko nyumbani. Soneti ilipopita Italia na Ufaransa ilipita kwenye lugha zinazohesabu silabi kama yetu. Kiingereza ndicho kilichokuwa na hali ya pekee, ila kwa kuwa tulikutana nayo kupitia Kiingereza tukadhani hivyo ndivyo ilivyozaliwa.

## Aina za soneti

6. Soneti ya Petrarch na ya Shakespeare zinatofautianaje?

Ya Petrarch ina sehemu mbili. Mishororo minane ya kwanza ina vina *abba abba* (kila herufi ni mshororo mmoja, na herufi zinazofanana ni vina vinavyolingana), yaani sauti mbili tu kwa mishororo yote minane. Sita ya mwisho huwa *cde cde* au *cdc dcd*, na mtunzi ana uhuru kidogo hapo. Shairi zima linatumia vina vinne au vitano.

Ya Shakespeare ina beti tatu za mishororo minne na kisha mishororo miwili ya kufungia: *abab cdcd efef gg*. Vina saba. Mpango huo haukubuniwa na Shakespeare. Surrey aliutumia kabla Shakespeare hajazaliwa. Sababu yake ni ya ulimi: Kiingereza kina uhaba wa maneno yanayoishia sauti moja, kwa hiyo kutafuta manne kwa *a* na manne kwa *b* ni kazi ya kuvunja mgongo. Surrey akapunguza mzigo, kila kina kibebwe na mishororo miwili.

Muundo hubadili namna ya kufikiri pia. Petrarch anaweka jambo, kisha analijibu. Shakespeare anaweza kuleta hoja moja kwa sura tatu, kisha akaipiga nyundo kwa mishororo miwili.

7. Kuna aina nyingine za kujua?

Ya Edmund Spenser, *abab bcbc cdcd ee*, ambapo kila ubeti unaazima kina kutoka uliotangulia. Waliozoea pindu, bahari (aina ya shairi) ambayo mwisho wa ubeti mmoja huanzisha unaofuata, wataona undugu. Kuna pia taji la soneti: mshororo wa mwisho wa soneti moja unakuwa wa kwanza wa inayofuata, na soneti ya mwisho inarudi kwenye mshororo wa kwanza kabisa. Hilo ni pindu kamili, limevaa koti la Ulaya.

8. Mgeuko ni nini, na nitautambuaje?

Ni pale shairi linapobadili mwelekeo: kutoka swali kwenda jibu, malalamiko kwenda faraja, picha kwenda maana yake. Kwa Petrarch huwa mwanzoni mwa mshororo wa 9. Kwa Shakespeare unaweza kuwa hapohapo au kusubiri hadi wa 13. Mshairi Mwingereza John Milton aliwahi kuuchelewesha au kuufanya umwagike katikati ya mshororo.

Tafuta *lakini*, *hata hivyo*, *basi*, *ila*, au mabadiliko ya nafsi, kwa mfano aliyekuwa akisema peke yake ghafla anamwambia mtu. Usipouona kabisa, angalia wakati wa vitenzi. Wanafunzi wengi huandika "mgeuko upo mshororo wa 9" kwa mazoea bila kueleza kimegeuka nini. Taja kilichokuwa kabla na kilichokuja baada.

## Kutunga soneti kwa Kiswahili

9. Inawezekana kweli? Itumie mizani mingapi?

Inawezekana. Ninapendekeza 11 kwa anayefuata Petrarch, au 12 za sita kwa sita kwa aliyelelewa na tarbia (sababu ziko swali la 5). Mizani 16 nazo zinakubalika, ila mishororo 14 yenye 16 kila mmoja inakuwa mizito na mgeuko hupoteza makali.

Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya ukurasa huu, mizani 12, vina vya mpango wa Shakespeare:

*Ukungu Tukuyu leo umeshuka,*
*Mlima wa Rungwe hauonekani,*
*Migomba na paa vimefunikika,*
*Njia ya kisima sijui ni gani.*

*Nimeisikia kengele ya shule,*
*Watoto wapita, sura sikupata,*
*Ng'ombe alilia upande wa kule,*
*Nikapapasa tu, hewa nikakuta.*

*Lakini mlima haujahamishwa,*
*Jua likipanda, utatokezea,*
*Ni macho yangu tu yaliyopotoshwa*
*Na moyo wa woga uliolegea.*

*Usipozijibu nawe jumbe zangu,*
*Nitajua upo nyuma ya ukungu.*

Hesabu mshororo wowote: U-ku-ngu Tu-ku-yu, sita, le-o u-me-shu-ka, sita. Mgeuko wa kwanza uko kwenye *lakini*, mshororo wa 9: nane zinaeleza kupotea, kuanzia hapo tunaambiwa hakuna kilichopotea. Wa 13 unaleta mgeuko wa pili, shairi linaacha kuzungumza juu ya mlima linamgeukia mtu. Ile miwili ya mwisho ndiyo iliyotungwa kwanza, na hilo ni shauri ninalowapa wote: anza na kufungia, kisha tafuta 12 zitakazokufikisha hapo.

10. Mpango gani wa vina unatufaa zaidi?

Watu hudhani wa Shakespeare kwa kuwa ndio wanaoujua. Mimi naona wa Petrarch unatufaa kuliko ulivyowahi kuwafaa Waingereza. Kiswahili kina vina tele. Vitenzi vyetu karibu vyote huishia *-a*, na kauli za kutendea, kutendeka na kutendana zinatupa *-ia*, *-ka*, *-na* kadiri tupendavyo. Kupata maneno manne ya kina kimoja ni kazi ya dakika chache.

Hatari yetu ni ya upande mwingine: vina vyetu ni rahisi mno. Shairi ambalo kila mshororo unaishia *-ia* kwa vitenzi (*nalia, nasikia, naumia, naingia*) lina vina sahihi na halina mtunzi. Changanya aina za maneno. Katika mfano wa swali la 9, *gani* ambayo ni kiulizi imekutana na kitenzi *hauonekani*, na *shule* imekutana na *kule*. Kina kikikutanisha maneno yasiyotarajiana, sikio huamka.

11. Niweke kina cha kati na kibwagizo?

Kibwagizo hapana. Soneti ni safari ya mara moja, haina pa kurudia. Kina cha kati ni hiari, lakini kwa mizani 12 kitakubana pumzi. Mapumziko ya katikati yanatosha. Ukiona huwezi kuishi bila vyote viwili, moyo wako uko kwenye tarbia, na tarbia haihitaji ruhusa ya soneti.

12. Kwa nini *ugali* na *habari* vimekataliwa kuwa vina?

Kina ni silabi nzima, konsonanti na irabu. *-li* na *-ri* ni silabi mbili tofauti. Kosa hili ni letu sana huku juu, kwa sababu lugha nyingi za nyumbani, Kinyakyusa na Kihehe zikiwamo, hazitenganishi l na r kama Kiswahili, na mtunzi akisoma shairi lake kwa sauti anasikia vina vimelingana kabisa. Msomaji wa Tanga akilisoma, vimevunjika.

Hali ni hiyohiyo kwa *radhi* na *kazi*, *-dhi* na *-zi*. Pia *-ka* na *-kwa*, *-ga* na *-nga*. Dawa ni kuandika orodha ya maneno ya mwisho pembeni na kuyalinganisha kwa macho, usiliamini sikio peke yake. Zingatia pia kwamba irabu tupu ni kina kamili: *imeingia* na *nimeyatia* vinalingana kwa *-a*, lakini *Mbeya* na *pokea* havilingani, kwa kuwa kimoja kina y (dawa ya kishairi ya tatizo hilo iko swali la 15).

13. Nataka kusimulia vita vya Lugalo. Nitumie soneti?

Soneti haitoshi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishambulia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski kule Lugalo, naye akauawa. Hadithi ya namna hiyo ina watu, njia, silaha, na yaliyofuata hadi kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1898 na kurudishwa kwa fuvu Kalenga mwaka 1954. Chombo chake ni utenzi: mishororo minne mifupi, aghalabu mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kinachorudi shairi zima.

*Lugalo walipopita,*
*Mikuki ikawafata,*
*Wahehe wakawapata,*
*Bunduki hazikufaa.*

Beti mia mbili za namna hiyo zinasomeka bila kuchosha. Soneti itumie kwa dakika moja tu ya habari hiyo, tuseme askari mmoja aliyesimama bondeni akasikia kimya.

## Tamathali na mbinu nyingine

14. Tashibiha, sitiari, tashihisi: nizitofautisheje haraka?

Tashibiha hulinganisha kwa kutumia kiunganishi: *kama, mithili ya, mfano wa*. Sitiari huondoa kiunganishi na kukiita kitu kwa jina la kingine. Tashihisi hukipa kitu tabia ya mtu. Hayo wote wanayajua. Ugumu uko kwenye mipaka.

Chukua *usiku ukiteleza* kwenye ubeti wa swali la 2. Mwanafunzi mmoja ataandika tashihisi. Mimi nitasema sitiari, kwa kuwa kuteleza si tabia ya mtu peke yake. Jiwe huteleza, sabuni huteleza. Ingekuwa *usiku unanong'ona*, hiyo ni tashihisi bila ubishi. Na *baridi yashuka toka Loleza*? Baridi kweli hushuka kutoka mlimani, kama ajuavyo yeyote aliyelala Mbeya mwezi wa Juni. Hapo hakuna tamathali, ni taarifa ya hali ya hewa. Si kila mshororo una tamathali, na mhakiki anayeilazimisha huharibu majibu yake mazuri.

Ukungu wa soneti ile ni jambo jingine. Katika mishororo minane ni ukungu tu. Kwenye ule wa mwisho unakuwa ishara ya ukimya wa mtu. Ukiulizwa, usiseme "ukungu ni ishara" ukaishia hapo. Onyesha ni mshororo upi uliougeuza.

15. Inkisari, mazida na tabdila ni mbinu au ni kudanganya?

Ni ruhusa za mtunzi, zina sheria zake. Inkisari hufupisha neno: *ikawafata* badala ya *ikawafuata* kwenye ubeti wa Lugalo, mizani moja imeokolewa. Mazida hurefusha: *afya* inakuwa *afiya*. Tabdila hubadili sauti bila kubadili hesabu: *pokea* inakuwa *pokeya*, sasa inalingana na *Mbeya*.

Mimi huruhusu moja kwa ubeti, na iwe ya neno ambalo watu wamewahi kulitamka hivyo. *Fata* inasikika kila siku kituo cha daladala Mwanjelwa, kwa hiyo haimgutushi mtu. Ukikata neno mpaka msomaji asilitambue, tatizo la mizani umemhamishia yeye.

16. Takriri ya sauti ina uzito gani kwa Kiswahili?

Mdogo kuliko kwa Kiingereza. Mshairi wa Kiingereza akianza maneno manne kwa sauti moja ametafuta. Sisi sarufi hutupa bure: *vitabu vyangu vizuri vyote vimepotea*. Usimsifu mtunzi kwa upatanisho wa kisarufi. Takriri inayostahili kutajwa ni ile iliyovuka mipaka ya ngeli, au neno zima lililorudiwa kwa kusudi.

17. Mishata ni kosa?

Mishata ni mshororo usiokamilisha maana, unaomwagikia unaofuata. Wanamapokeo, yaani watetezi wa ushairi wa vina na mizani, hawaupendi, kwa kuwa katika tarbia kila mshororo unatazamiwa kujitosheleza. Katika soneti ni silaha. Mishororo ya 11 na 12 ya mfano wa swali la 9 ni mishata: *yaliyopotoshwa* inaning'inia hadi tufike *na moyo*.

## Utata na mabishano

18. Shairi langu lina mishororo 14. Ni soneti?

Si lazima. Tarbia ya beti tatu ukaiongezea mishororo miwili ina 14, na bado si soneti kama hakuna mgeuko. Kwa upande wa pili, si kila soneti ina 14. Katika mkusanyiko wa Shakespeare wenyewe, namba 99 ina mishororo 15, namba 126 ina 12, na namba 145 ina silabi 8 kwa mshororo badala ya 10. George Meredith aliandika za mishororo 16 mwaka 1862, na Gerard Manley Hopkins akazikata zikawa kumi na kipande. Ukinilazimisha kuchagua kati ya 14 zisizo na mgeuko na 12 zenye mgeuko, nitaziita soneti zile 12. Kwenye chumba cha mtihani andika 14.

19. Shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi?

Ugomvi huu uliwaka miaka ya 1970. Amri Abedi alikuwa ameshachapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wanamapokeo vina na mizani ni uti wa mgongo. Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974, mashairi yasiyofuata sheria hizo, na wasomi kama Mulokozi na Kahigi wakautetea upande huo. Leo zote mbili zinafundishwa, na jibu lililokomaa ni ndiyo, ni shairi, likiwa na kitu kingine kinachobeba uzito: picha, takriri, mpumuo, mpangilio wa mishororo. Wengi wanaokimbilia shairi huru hukimbia hesabu, na inaonekana. Tunga tarbia kumi zisizo na guni, kisha vunja utakavyo.

20. Tamthilia za Shakespeare ni soneti?

Kwa sehemu kubwa ni mita ileile isiyo na vina. Lakini katika *Romeo and Juliet* utangulizi ni soneti kamili, na maneno ya kwanza wanayobadilishana wapenzi wale wawili yanaunda soneti nyingine, kila mmoja akichangia mishororo yake. Anayejua ngonjera haoni ajabu: watu wawili, shairi moja.

21. Naweza kutunga soneti kwa Kinyakyusa au Kihehe?

Ndiyo, na ningependa kuziona nyingi zaidi. Kuna maamuzi mawili ya kufanya mapema. Kwanza, urefu wa irabu una maana katika lugha hizi, kwa hiyo amua kama irabu ndefu ni mizani moja au mbili, na uandike uamuzi huo juu ya shairi ili msomaji ahesabu kama wewe. Pili, Kinyakyusa kina irabu saba, si tano. Zile mbili za ziada mara nyingi hazionekani katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo maneno mawili yanaweza kulingana kwenye karatasi yasilingane mdomoni. Msomee mzee mmoja anayezungumza lugha hiyo nyumbani kila siku. Akikunja uso kwenye neno la mwisho wa mshororo, badilisha neno.

22. Mwalimu mmoja anaita kituo, mwingine kimalizio, mwingine kiishio. Niandike lipi?

Lolote kati ya hayo linaeleweka. Tatizo huja pale mwanafunzi anapoandika *kibwagizo* kwa mshororo usiorudiwa (swali la 2). Kabla ya kutumia jina hilo, fungua ubeti wa pili uone kama mshororo umerudi.